Nastaafu mwisho wa mwaka: mkupuo huu niupange vipi usiishe kabla yangu?

Babu Mtarajiwa (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Natimiza miaka 60 mwisho wa mwaka huu na ajira yangu inakoma hapo hapo. Naomba ushauri wa namna ya kutunza na kutumia mafao yangu, na ili tusizungumze hewani naweka hesabu zote.

Chukulieni mshahara wangu wa mwezi ni 100. Pensheni ya kila mwezi itakuwa 45. Mkupuo ni 6,000, yaani mishahara 60. Matumizi ya nyumbani ni 80 kwa mwezi. Ndani yake kuna 15 ya rejesho la mkopo wa nyumba na 10 ya ada ya mtoto wa mwisho, ambaye amebakiza miaka 2 chuoni. Deni la nyumba limebaki 900, riba asilimia 12 kwa mwaka. Mke wangu hana kipato chake, na ana miaka 54.

Kila mtu ana mpango na hizo fedha. Kaka yangu anataka nijenge vyumba vya kupangisha, mkupuo wote uishie huko. Mwanangu mkubwa anaomba 2,000 aingie kwenye usafirishaji. Rafiki yangu wa kazini yuko kwenye kikundi cha uwekezaji kinacholipa asilimia 10 kila mwezi, na amenionyesha kwenye simu malipo yaliyokwisha kuingia. Mke wangu anasema zikae benki, zisiguswe. Nimewaona waliotangulia kustaafu: mwaka wa kwanza mikono wazi, mwaka wa tatu wanapiga simu kukopa. Sitaki kufika huko.

Hesabu Kwanza

Shikamoo mzee wangu. Afadhali umekuja na namba kabla fedha haijaingia.

Pengo lako ni 80 toa 45, yaani 35 kwa mwezi, au 420 kwa mwaka. Hiyo ni asilimia 7 ya mkupuo. Mwaka 1994 mshauri wa fedha wa Marekani, William Bengen, alipitia historia ya hisa na hatifungani (mikopo ambayo wawekezaji huikopesha serikali au kampuni kwa riba) za nchi yake akakuta kwamba mstaafu aliyetoa asilimia 4 ya akiba mwaka wa kwanza, kisha akawa anaongeza kiasi hicho kadiri bei zinavyopanda, akiba yake ilimfikisha angalau miaka 30. Hiyo ni historia ya Marekani, wala si ahadi kwa mtu yeyote. Lakini inakuonyesha kuwa asilimia 7 ni mzigo mzito.

Anza na deni. Ukiendelea na rejesho la 15 kwa riba hiyo, utalipa kwa karibu miaka 8, na deni la 900 litakuwa limekula karibu 1,400. Ukilifuta siku mkupuo unapoingia, unabaki na 5,100 na matumizi yanashuka hadi 65. Muulize tu mkopeshaji kama kuna tozo ya kulipa kabla ya muda.

Halafu tenga ada ya miaka 2 pembeni, 240, kwenye akaunti yake yenyewe. Inabaki 4,860, na matumizi yenu halisi yanakuwa 55 kwa mwezi. Pengo sasa ni 10, badala ya 35. Bado hujawekeza hata senti, na mambo yameshabadilika.

Fundi Mkuu

Mimi niko upande wa kaka yako. Nyumba haipotei kwenye mtandao na haipelekwi na tapeli. Wapangaji wanne wakilipa vizuri, pengo hilo la 10 limezibwa na unawaachia watoto kitu kinachoonekana. Fedha za benki zinaisha kimyakimya.

Mama wa Watatu

Kaka Fundi, nyumba ni kitu kizuri, ubaya uko kwenye hilo neno "wote". Nina vyumba vya kupangisha, navijua. Mpangaji anahama na chumba kinakaa tupu miezi. Bomba linapasuka usiku. Kodi inachelewa na huwezi kumfukuza mtu siku hiyo hiyo. Na hujengi kwa makadirio uliyoandika kwenye karatasi. Ujenzi unazidi, na anayejenga akiwa na miaka 60 hana mshahara wa mwezi ujao wa kumalizia paa.

Kubwa zaidi, ukilazwa hospitali huwezi kukata chumba kimoja ukakiuza kesho asubuhi. Utauza jengo zima kwa haraka, na anayeuza kwa haraka anauza kwa bei ya mnunuzi. Baba, kama unataka nyumba, iwe sehemu ya mkupuo, iwe iliyokwisha kujengwa na yenye wapangaji, na kwenye hesabu zako weka kodi ya miezi 9 au 10 kwa mwaka badala ya 12.

Msafiri wa Jioni

Mimi nina neno moja tu, kuhusu kile kikundi. USIINGIE.

Asilimia 10 kwa mwezi, ukiacha faida ikae ndani, inageuza 100 kuwa 314 kwa mwaka mmoja. Kwa miaka 5 inakuwa zaidi ya 30,000. Kama kuna mtu anayejua kuzalisha hivyo, angekopa benki kwa riba ya kawaida akabaki na faida yake, asingehitaji kiinua mgongo cha mzee. Charles Ponzi aliahidi watu wa Boston asilimia 50 kwa siku 45, mwaka 1920. Wa kwanza walilipwa kweli, kwa fedha za waliokuja nyuma yao, na wakawa mashahidi wake wazuri kuliko tangazo lolote. Mwaka huo huo mpango wake ukaanguka. Bernard Madoff, tapeli mwingine wa Marekani, yeye alikuwa mjanja zaidi, hakuahidi makubwa. Alionyesha faida ya wastani isiyoyumba mwaka hadi mwaka, na akadumu kwa miongo hadi Desemba 2008. Kwa hiyo malipo uliyoonyeshwa kwenye simu hayathibitishi chochote. Ndivyo mchezo unavyochezwa.

Rafiki yako hakudanganyi, huenda anaamini kwa moyo wake wote. Mwambie atoe mtaji wake wote leo, siyo faida tu. Atakachojibiwa kitamfundisha.

Kalamu Nyeusi

Nimesubiri mtu aseme jambo hili, sijaona. Hesabu Kwanza, umepiga hesabu vizuri ila umeisimamisha kwenye mwaka wa kwanza.

Mzee, swali linalobeba maisha yako ni hili: hiyo pensheni ya 45 inapandishwa bei zinapopanda, au ni 45 hadi mwisho? Waulize wanaokulipa, wakupe jibu kwa maandishi. Mifuko inatofautiana sana hapo.

Kama haipandi, tazama. Gawa 72 kwa kiwango cha mfumuko wa bei, unapata takribani idadi ya miaka ambayo bei zinachukua kuongezeka maradufu. Mfumuko ukiwa asilimia 6, ni miaka 12. Ukiwa na miaka 72, matumizi ya 55 yatakuwa 110, na pensheni bado 45. Pengo la 10 limekuwa 65 kwa mwezi, na hujaongeza anasa yoyote.

Nimepiga hesabu mwaka kwa mwaka. Ile 4,860 ikikua kwa asilimia 6, sawasawa na bei, inakauka mwaka wa 17. Utakuwa na miaka 76, na mama yetu 70. Wanawake kwa wastani huishi muda mrefu kuliko wanaume, kwa hiyo yeye ndiye atakayekutana na akaunti tupu. Na ikikaa kwenye akaunti ya kawaida isiyozaa, kama anavyotaka yeye, itakauka mapema zaidi. Mwonyeshe hesabu hii kwa upole. Anaogopa hasara, na ana haki ya kuogopa, ila kutoigusa fedha ni njia mojawapo ya kuipoteza.

Wala usijipangie umri wa kufa. Mwaka 1965, mjini Arles, Ufaransa, mwanasheria mmoja alikubaliana na Jeanne Calment, bibi wa miaka 90, amlipe faranga 2,500 kila mwezi hadi afe, kisha arithi nyumba yake. Mwanasheria akafariki mwaka 1995. Familia yake ikaendelea kulipa hadi bibi alipofariki mwaka 1997, akiwa na miaka 122. Hakuna anayelazimika kujipangia miaka 122, lakini kupanga hadi 90 kwa ajili ya mkeo si kuzidisha.

Babu Mtarajiwa

Ndugu Kalamu, nimeisoma mara mbili na mke wangu akiwa pembeni. Pensheni yetu haina nyongeza ya lazima, hutokea mara chache. Sasa nifanye nini? Maana mmeshaondoa kikundi, mmepunguza nyumba, na benki nayo haitoshi.

Hesabu Kwanza

Kalamu kanisahihisha vizuri. Mzee, usitafute mahali pamoja pa kuweka fedha zote. Zipange kwa muda utakaozihitaji.

Fedha ya pengo la miaka 2 pamoja na dharura ya matumizi ya miezi 6, jumla kama 570, ikae mahali unapoweza kuitoa mara moja. Inayofuata, ya kuanzia mwaka wa 3 hadi wa 8 hivi, iweke kwenye amana za muda maalumu (fedha unayoifunga benki kwa muda ili izae riba) na dhamana za serikali (unaikopesha serikali kwa riba), lakini zisiive siku moja. Igawe vipande: kimoja kiive baada ya mwaka, kingine miaka 2, kingine 3, na kuendelea. Kila mwaka kipande kimoja kinarudi mkononi, unajaza akaunti ya matumizi, kinachozidi unakirudisha mwisho wa foleni. Riba zikipanda unafaidi, zikishuka hujashikwa kwa fedha zako zote.

Iliyobaki, ambayo hutaigusa kabla ya miaka 8 au 10, ndiyo inayotakiwa kukua kuliko bei. Hapo ndipo penye mifuko ya uwekezaji wa pamoja yenye hisa, yaani watu wengi wanachanga na wataalamu wanawawekezea, iliyosajiliwa na kusimamiwa na mamlaka ya masoko ya mitaji, na kama nafsi inataka, nyumba ile ya Mama wa Watatu. Itapanda na kushuka. Ikishuka kwa asilimia 30 inahitaji kupanda kwa karibu 43 kurudi ilipokuwa, na ukilazimika kuuza ikiwa chini hairudi tena. Ndiyo maana tumetenga ile ya karibu kwanza: ili soko likianguka wewe uendelee kula kwenye akaunti nyingine na kusubiri.

Kitu kingine ambacho watu wanakidharau: kazi ndogo. Ukipata 10 kwa mwezi kwa ujuzi wako, kwa miaka 5 tu ya mwanzo, mwaka wa kwanza mtaji hauguswi kabisa, na miaka inayofuata unaguswa kidogo tu, katika miaka ambayo kuguswa kunauma zaidi.

Mama wa Watatu

Naongeza la nyumbani. Mume wangu alikuwa mtu makini, ila akaunti ilikuwa kwa jina lake peke yake. Alipofariki nilisubiri mirathi hadi nikakopa kulipa umeme, na fedha tunazo. Baba, andika wosia. Hakiki jina la mnufaika kwenye mfuko wa pensheni, kwenye bima na kwenye kila uwekezaji, maana watu huacha majina waliyoandika siku ya kuajiriwa. Uliza pensheni inaendelea kwa mjane au inakata, na ikiendelea ni kiasi gani. Kisha mama aende nawe kila ofisi, ajue kila karatasi iko wapi.

Na bima ya afya: jua siku ya kwanza ya kustaafu nani anailipa. Wengi walikuwa wanalipiwa na mwajiri, wanagundua imekatika wakiwa dirishani hospitali.

Babu Mtarajiwa

Asante sana mama, na pole. Limebaki la mwanangu. Ni kijana mzuri, si mzururaji. Kumwambia hapana kunanisumbua kuliko yote haya.

Kalamu Nyeusi

Mzee, 2,000 ni zaidi ya theluthi moja ya ulichonacho baada ya deni. Yeye ana miaka 30 ya kutafuta tena, wewe huna. Mwite, mwonyeshe hesabu ya mwaka wa 17, mwulize siku hiyo atawatunza kwa kipato gani. Kijana mzuri ataelewa. Kama moyo unataka kumsaidia, chagua kiasi ambacho kikipotea chote hamtalala njaa, labda 200, mpe kama zawadi na uache kukidai. Lakini usimdhamini benki kwa hati ya nyumba. Mkopo wa chombo cha usafiri unalipwa kila mwezi hata chombo kikiwa gereji, na atakayefuatwa ni mdhamini.

Babu Mtarajiwa

Nimekaa na mke wangu, tumekubaliana. Deni linafutwa wiki ya kwanza. Ada inatengwa. Kikundi hapana, na nimemwambia rafiki yangu ajaribu kutoa mtaji. Amejibiwa asubiri "mfumo mpya". Mwanangu nitamwita Jumapili. Swali la mwisho: hayo mengine niyaanze lini? Wakala mmoja wa uwekezaji ameshanipigia, anasema nafasi inafungwa mwezi ule ule nitakaolipwa.

Hesabu Kwanza

Anayekuharakisha mwache aende. Ukishalipa deni na kutenga ada, iliyobaki iweke kwenye amana ya miezi 3, na ukiulizwa sema fedha imefungwa, maana itakuwa imefungwa kweli. Katika hiyo miezi 3 ishini kwa 55 na muandike kila kinachotoka, kwa sababu matumizi ya mtu anayeshinda nyumbani si yale aliyokuwa nayo kazini: nauli inashuka, umeme unapanda, wageni wanaongezeka. Dharura na pengo la mwanzo viwe nje ya hiyo amana. Amana ikiiva utakuwa na daftari lenye namba zako halisi. Zilete hapa tuigawe ile foleni ya vipande.

Babu Mtarajiwa

Sawa. Daftari limeshanunuliwa, na mke wangu ndiye atakayeandika.