MRI ya mdogo wangu imetoka safi, lakini yeye si yule ninayemjua

DadaMkubwa: Habari zenu. Mdogo wangu wa kike ana miaka 22. Wiki tatu zilizopita alianza kukosa usingizi, kisha akasema watangazaji wa redio wanamsema yeye. Jumapili akapata degedege. Sasa mdomo wake hautulii, anatafuna na hakuna kitu mdomoni, na vidole vya mkono wa kushoto vinajikunja vyenyewe. Amepigwa MRI ya ubongo, majibu yakaja "hakuna tatizo", tukaambiwa tumpeleke kwa wagonjwa wa akili. Nimesoma kuhusu homa ya ubongo inayoletwa na kinga ya mwili. Ingekuwa ni hiyo, si ingeonekana kwenye picha?

FundiPicha: Pole sana dada. Nina miaka kumi na moja kwenye chumba cha MRI, na majibu safi kama hayo yananitia wasiwasi zaidi dalili zikiwa hizo ulizotaja. Kuna ugonjwa wa kingamwili za NMDA, yaani askari wa kinga ya mwili wanaoshambulia vipokezi vya ubongo viitwavyo NMDA, ulioelezwa na Josep Dalmau na wenzake mwaka 2007. Takriban wagonjwa wawili kati ya watatu, MRI yao ya kwanza haina kitu. Kingamwili hizo haziui seli. Zinanasa vipokezi vilivyo juu ya seli ya neva, vinazama ndani, basi mawasiliano yanakatika huku umbo likibaki vilevile. Sisi tunapiga umbo.

Aina nyingine za homa hiyo ya kinga huonekana. Ile ya kingamwili za LGI1, protini nyingine ya ubongo, mara nyingi hipokampasi, sehemu ya ubongo ya kumbukumbu, inang'aa nyeupe, pengine kulia na kushoto. Iking'aa upande mmoja, hofu ya kwanza ni virusi vya herpesi, na hapo asiklovia, dawa ya virusi hivyo, haisubiri majibu ya maabara.

Kwa hiyo MRI ilikuwa na kazi: kuondoa uvimbe, kiharusi, jipu. Haikuwa na uwezo wa kusema mdogo wako mzima.

MamaWawili: Binti yangu alipita hapohapo. Ombeni EEG, zile nyaya za kichwani zinazopima mawimbi ya ubongo. Kwa ugonjwa huu huwa na kasoro kwa wagonjwa karibu tisa kati ya kumi. Kisha maji ya uti wa mgongo. Damu peke yake msiikubali, ya kwetu ilisema hakuna kingamwili, maji yakasema zipo. Na dada, apigwe picha ya nyonga pia. Kwa binti yangu chanzo kilikuwa uvimbe kwenye ovari, mdogo kama zabibu. Ulipotolewa, pamoja na dawa za kutuliza kinga, alianza kurudi. Ilichukua miezi, lakini siku moja aliniuliza kwa nini nimenyoa.

DadaMkubwa: Asanteni, nimelia nikisoma. EEG imefanyika leo, mawimbi yako taratibu mno na daktari wa neva ameitwa. Kesho saa tatu asubuhi wanamtoa maji ya mgongo, na nimeomba ultrasaundi ya nyonga ifanyike siku hiyohiyo.

FundiPicha: Mpelekee daktari na video ya huo mdomo. Irekodi usiku huu, mwanga ukiwa mzuri.