Kusini bei ya korosho inafika kila kitongoji, habari za tiba hazifiki. Wahusika wa afya Mtwara na Lindi, tunataka majibu

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Huku Uwanda wa Makonde, mnada ukifanyika asubuhi, kabla ya adhuhuri hata mzee asiye na simu anaijua bei ya juu na bei ya chini. Bei isipowaridhisha, wakulima wanakataa kuuza. Oktoba 2018 walikataa, nchi nzima ikasikia, na mwezi uliofuata Serikali ikaamua kuinunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Kwa hiyo asije mtu hapa akaniambia watu wa Kusini hawana mwamko, hawasikii matangazo, hawajui kudai. Wanajua sana. Ila ikifika kwenye afya hawaambiwi kitu na hawaulizwi kitu, halafu wakifa tunaambiwa walichelewa kufika hospitali.

Nieleze kilichonifikisha hapa. Mjomba wangu ana busha, la miaka mingi. Kwetu ukoo tunauhesabu upande wa mama, kwa hiyo mjomba ndiye mkubwa wetu, ndiye anayekaa mbele kwenye posa, kwenye jando, kwenye msiba. Mtu huyu ameacha kwenda msikitini kwa sababu kusujudu kunamtesa na macho ya watu yanamtesa zaidi. Shamba lake la mikorosho hawezi kulipulizia salfa, analipa vijana. Msuli wa kujifunga kiunoni hautoki mwilini. Mtu mzima mwenye heshima zake anaishi kwa kujificha, kwa ugonjwa unaotibika.

Unatibika. Naomba hili lisomwe vizuri, maana hata hapa jukwaani kuna wanaoamini busha linaletwa na madafu au na mkono wa mtu. Matende na mabusha huku pwani kwa sehemu kubwa yanatokana na minyoo midogo sana inayoenezwa na mbu. Vidonge ambavyo Serikali imekuwa ikitugawia kwa kampeni, aivamektini na albendazo, vinaua vimelea vichanga vilivyomo kwenye damu ili mbu asivipeleke kwa mwingine. Busha lililokwisha jaa maji halishuki kwa vidonge, linataka upasuaji. Na si upasuaji wa kumpeleka mtu Muhimbili. Hospitali ya wilaya yenye chumba cha upasuaji na daktari aliyeusomea inaufanya. Mwenye mguu wa tende naye ana la kufanya nyumbani kwake: aoshe mguu kila siku kwa maji na sabuni, aukaushe mpaka katikati ya vidole, auinue anapokaa, na kidonda hata kidogo akitibu mapema. Zile homa na maumivu yanayomlaza kila mara yanapungua sana. Haya yote nimeyapata kwa kuuliza watu niliosoma nao walioajiriwa idara ya afya huko mikoani. Kijijini kwetu hakuna ukuta hata mmoja ulioandikwa habari hizi.

Sasa sikieni mzunguko aliopigwa. Alikwenda zahanati. Akaambiwa, "Hapa hatufanyi, nenda hospitali." Hospitali ipi, siku gani, aende na nini, italipiwa kiasi gani? Hakuambiwa, wala barua ya rufaa hakupewa. Akakopa nauli, bodaboda mpaka barabara kubwa, kisha basi. Kule akaulizwa kitambulisho cha matibabu ya bure kwa wazee, kwa kuwa amevuka 60. Hana. Akaambiwa arudi kijijini akaanzie kwa mtendaji. Mtendaji yuko kwenye semina. Aliporudi tena hospitali na karatasi mkononi, daktari wa upasuaji hakuwa zamu. Mzee akakata tamaa, na mimi simlaumu hata chembe.

Halafu ndipo lilipokuja lililonikata maini. Timu ya madaktari ilikuja wilayani kufanya upasuaji wa mabusha bila malipo. Bila malipo, wakuu! Gari la matangazo lilizunguka mjini. Tangazo likatumwa kwenye magrupu ya WhatsApp ya watumishi. Vijijini, ambako ndiko wenye mabusha walipo, tulisikia timu ikiwa imeshafunga mizigo. Mtu aliyepanga kampeni ya mabusha akatangaza kwa WhatsApp ya watumishi alikuwa anamtafuta nani?

Mjomba aliposikia alinyamaza. Baadaye tukagundua amekwenda kwa mtu mmoja mtaani anayejiita daktari, akamnyonya yale maji kwa sindano, chumbani, kwa hela. Likatunga usaha. Tulimkimbiza hospitali akiwa anatetemeka kwa homa. Kidonda kimepona, alhamdulillahi, lakini maji yamejaa tena, kwa sababu busha likinyonywa tu bila kufanyiwa upasuaji kwa kawaida hurudi. Hela imekwenda, afya haikurudi, na yule wa sindano bado yupo mtaani anapokea wateja.

Nikaamua kusema mahali panapopaswa kusemewa. Mkutano mkuu wa kijiji kisheria unaitishwa kila baada ya miezi mitatu. Kwetu unaitishwa kukiwa na mgeni au michango. Ulipoitishwa nikasimama nikauliza mambo mawili: kwa nini kampeni haikutangazwa vijijini, na kamati ya zahanati ni kina nani. Nikajibiwa kwamba hilo si la mkutano huu, nipeleke barua kwenye sanduku la maoni. Sanduku lenyewe limetundikwa mlangoni kwa muuguzi, lina kufuli, na ufunguo hakuna anayejua uliko. Bibi mmoja aliyetaka kuniunga mkono akaambiwa akae, muda umekwisha.

Wengi hatujui kwamba hii kamati ipo. Kila zahanati na kila kituo cha afya cha Serikali kinatakiwa kuwa na kamati ya usimamizi, yenye wajumbe wanaotoka kwetu wananchi, na mganga mfawidhi akiwa katibu. Kazi yake ni kupitia mpango na bajeti, kuangalia mapato na matumizi, kufuatilia dawa, kupokea kero na kuzipeleka juu. Si kamati ya mapambo. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 kuna fedha zinazotumwa moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, haziishii tena halmashauri. Maana yake zahanati yako na yangu ina akaunti benki, ina hela inayoingia, na kuna watu wanaotakiwa kuisimamia kwa niaba yetu. Nilipowafuatilia wa kwetu, nikakuta majina kwenye faili. Mjumbe mmoja alishahamia Dar. Mwingine tulimzika. Wa tatu ni jirani yangu kabisa, mama wa watu, anasema aliwahi kuitwa kusaini karatasi na hajui ilikuwa ya nini.

Simlaumu muuguzi wetu. Yuko peke yake, anazalisha usiku, asubuhi anachanja watoto, mchana anaandika ripoti. Ukimwongezea kazi ya kuelekeza kila mgonjwa aende wapi, utamuua. Lakini karatasi iliyobandikwa ukutani haihitaji mshahara! Iandikwe: huduma hii haipo hapa, ipo hospitali fulani, siku fulani, njoo na kitambulisho fulani, gharama ni hii, wanaosamehewa ni hawa. Kwa Kiswahili cha kawaida, kwa herufi kubwa. Halmashauri inashindwa nini?

Na si busha peke yake. Kuna namba 115, ya bure, ya kuita usafiri wa dharura kwa mjamzito, aliyejifungua na mtoto mchanga. Nimewauliza kinamama kwenye msiba juzi, wamekaa jikoni wengi tu, hakuna aliyekuwa anaijua. Kuna 199 ya Wizara ya Afya, nayo ya bure, ya kuuliza na kulalamika. Kimya. Wazee wasio na uwezo kutibiwa bure ni jambo lililo kwenye sera miaka na miaka, lakini mzee anaanza kulisikia siku anaulizwa kitambulisho akiwa dirishani na maumivu yake. CHF iliyoboreshwa, ile bima ya afya ya jamii, ilipokuja, shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, waandikishaji walifika mpaka kitongoji cha mwisho, tena msimu wa korosho hela ikiwa mkononi. Njia waliyoijua siku ya kuchukua hela yetu ni ile ile ya kutuletea taarifa.

Watakuja wa kusema tushukuru, Mitengo pale Mtwara imejengwa hospitali ya kanda, zamani rufaa zilikuwa za Dar, safari ya zaidi ya kilomita 500. Nashukuru, na kwa dhati, maana nimewaona watu wakifia njiani miaka ile. Lakini jengo halimfuati mgonjwa kijijini. Mzee wa Nanyumbu au wa ndani huko Liwale asiyejua aanzie wapi, kwake hospitali hiyo ni sawa na haipo.

Na sisi wenyewe tuna letu. Mwenye busha akipita tunacheka. Vijana wanampa majina. Halafu tunashangaa mtu anajificha mpaka aangukie kwenye sindano za vichochoroni. Naomba ndugu zangu tuache, mara moja.

Ninachokitaka nakisema wazi, na nataka Mganga Mkuu wa Wilaya yeyote wa mikoa hii miwili anayepita hapa akisome. Kampeni yoyote ya matibabu itangazwe kabla, na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wapite nyumba kwa nyumba, kwa sababu mwenye busha hatanyoosha mkono hadharani, anataka kuambiwa faragha, tena na mwanamume mwenzake ikiwezekana. Itangazwe msikitini Ijumaa, kanisani Jumapili, na kwenye mnada wa korosho pale watu wote walipo. Mapato na matumizi ya zahanati yasomwe kwenye mkutano wa kijiji kama yanavyosomwa ya kijiji. Kamati zilizokufa zivunjwe, wajumbe wachaguliwe hadharani, na vitongoji vya mbali vipate mtu wao, na wenye ulemavu, na kinamama wanaozaa huko huko. Sioni hapa ombi hata moja la hela kubwa. Katiba Ibara ya 18 inatupa haki ya kupewa taarifa za mambo muhimu kwa maisha yetu, na tangu 2016 kuna Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa. Hatuombi fadhila.

Usiniambie nifuate utaratibu. Nimeufuata, na sanduku lina kufuli.

NYONGEZA: Nimesoma majibu yenu, asanteni. Kwa aliyeuliza kwa nini "mtu mzima asijiongeze mwenyewe": mkuu, huyo mtu mzima amejiongeza mpaka nauli ya mkopo ikaisha. Aende wapi tena na aulize nani? Kwa mdau aliyeandika kwamba kwao upande wa Lindi kamati inasoma hesabu kila robo mwaka na watu wanahoji mpaka idadi ya maboksi ya dawa, tafadhali rudi utueleze mlianzaje, nani aliitisha mkutano wa kwanza na mtendaji alikubalije. Hicho ndicho ninachokitafuta. Kwa wanaonitumia ujumbe wa siri nitaje jina la kijiji na la muuguzi: sitaji. Ukimpata muuguzi mmoja ukamhamisha, zahanati itafungwa kabisa na sanduku litabaki na kufuli lake.

Mjomba amekubali kujaribu tena. Safari hii nakwenda naye mwenyewe, na kitambulisho cha wazee kimepatikana baada ya kumsubiri mtendaji mlangoni kwake tangu alfajiri. Mwenye kujua ni siku zipi upasuaji wa mabusha unafanyika hospitali za Newala, Tandahimba, Masasi au Ndanda, na mgonjwa anatakiwa kuja na nini, aandike hapa hapa chini, si kwangu faragha, ili na mwingine aone. Walioko Kilwa, Ruangwa, Nachingwea na Mtama andikeni ya kwenu. Na kila anayesoma uzi huu, kesho nenda zahanati ya kijijini kwako uulize majina ya wajumbe wa kamati, uyalete hapa.