Mafundi wa magatini, acheni kung'oa termostati! Mota inachemka kwa sababu haipati maji

Ndugu zangu wa Goma, Bukavu, Idjwi, Kalehe na Minova, hasira imenijaa na sitaificha. Mota ya boti ikichemka, dawa ya mafundi wengi ni ile ile: funguo namba 10, kifuniko nje, termostati (kile kijimlango kinachofungulia maji njia mota ikipata joto) inang'olewa na kutupwa, "sasa itapoa, leta pesa." Wiki mbili hazipiti, mota imezimika katikati ya ziwa na abiria ndani, upepo wa mchana umeshaanza, na buji (plagi) zimelowa weusi. Huu si ufundi.

Sikilizeni kinachotokea. Kwenye mota nyingi hizi za kuchanganya oili na esansi (petroli), termostati huanza kufunguka karibu na digrii 50. Maji ya ziwa Kivu juu juu yana kama 24. Ukiitoa, maji baridi yanapita moja kwa moja, silinda haifikii joto lake la kazi, esansi haigeuki mvuke sawasawa, inaosha oili kwenye kuta za silinda na kuacha masizi kwenye pistoni. Na sisi tuko karibu mita 1,460 juu ya bahari: hewa ni nyepesi, kwa hiyo mota iliyopangiwa hewa ya pwani tayari inapata esansi nyingi kuliko inavyoweza kuchoma. Unaiongezea baridi juu ya hayo! Tena ugonjwa wenyewe hujaugusa, kwa sababu mara nyingi uko chini, ndani ya mguu wa mota.

Uliza kwanza: inachemka lini? Ikichemka polepole lakini ikikimbia inapoa, turbini ya mpira ya pompa ya maji imechoka. Mabawa yake hayabani tena, ila mwendo mkubwa bado unayasukuma maji. Ikiwa sawa polepole na kuchemka ukifungua gesi, angalia matundu ya kunyonyea maji. Upande wa Bukavu mifuko ya plastiki imejaa, waulizeni wanaofanya kazi kwenye bwawa la umeme la Ruzizi. Na vipande vya nyavu za samaki wadogo wa sambaza navyo hunasa hapo. Mota ikikojoa (ule mchirizi wa maji unaotoka pembeni mwake) kwa nguvu, maji baridi, na huku kichwa cha silinda kinaunguza, hapo ndipo termostati inashukiwa, maana kwenye mota nyingi maji ya mkojo yanatoka kabla ya kuifikia. Ipime: itundike kwa uzi kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto. Ikifika 60 bila kufunguka milimita 3 hivi, nunua nyingine. Nunua, usiache tundu wazi.

Tundu la mkojo lenyewe huziba. Lipitishe uzi mnene wa nailoni wa kuvulia kabla ya kufungua chochote.

Sasa pompa, ambayo ndiyo kazi mnayoikimbia. Shusha mguu, fungua boliti za nyumba ya pompa, toa turbini. Bawa lililobaki limejikunja, au lenye ufa kwenye shina, halifai. Likikosekana bawa, litafute! Halikuyeyuka. Limepanda na maji na limekwama kwenye bomba au kwenye njia za bloku, na turbini mpya haitasaidia kitu mpaka litoke. Pitisha ukucha ndani ya kikombe cha chuma na juu ya kibati cha chini: ukucha ukikwama kwenye mikwaruzo, navyo vibadilishwe. Huko Goma jambo hili ni la kawaida, kwa sababu mchanga wetu mweusi wa volkano unakwangua vibaya. Sukumeni boti kwa kasia mpaka kina cha kiuno ndipo muwashe.

Wakati wa kurudisha, paka maji ya sabuni, si oili wala esansi. Klaveti, kile kipande kidogo cha chuma kinachoshika turbini kwenye shafti, iwe mahali pake. Zungusha shafti kufuata saa, ukiitazama kutoka juu, huku unasukuma kikombe chini, ili mabawa yote yalale upande mmoja. Kisha wawe watu wawili wa kupandisha mguu, kwa sababu bomba la maji likikosa raba yake, kazi yote ni bure, na hapo ndipo mwenye boti atasikia fundi akimwambia "turbini ulizoleta ni mbaya." Ijaribu ndani ya pipa la lita 200, maji yapite juu ya bati lililo juu ya elisi (pangaboi). Kuiwasha kavu ufukweni "kusikiliza sauti" kunaunguza mpira mpya kwa sekunde chache tu.

Na wauzaji wa vipuri, nanyi! Mnauza mpira mgumu kama plastiki kwa bei ya ule wa kweli. Mnunuzi, kunja bawa kwa kidole gumba: lirudi papo hapo. Linganisha kimo na ile ya zamani. Ikipungua hata milimita moja, maji yatapita pembeni.

Kuna wengine wanaosafisha magaga (ukoko mgumu) ya njia za maji kwa asidi ya betri. Asidi hiyo inakula aluminiamu ya bloku! Tumia siki ya uvuguvugu, nusu saa, rudia mpaka magaga yalainike, halafu suuza kwa maji mengi.

Wenye boti, msicheke. Mota ya mguu mfupi mnaifunga kwenye ubao mrefu wa nyuma, inanyonya hewa, kisha mnamlaumu fundi. Lile bati la juu ya elisi lisipande juu kuliko tumbo la boti. Na oili: kwa uwiano wa 50 kwa 1, bidoni ya lita 20 inataka mililita 400, oili ya mota za boti iliyoandikwa TC-W3, si ile ya pikipiki, si nusu kikombe kwa kubana matumizi.

NYONGEZA, kwa wanaouliza kuhusu mota iliyokwisha kuchemka: msiimwagie maji ya ziwa, chuma kitapinda. Zima, ngoja ipoe yenyewe. Hapa kwetu maji yanachemka karibu na digrii 95, kwa hiyo mvuke unajaa kwenye bloku mapema. Kisha pima kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda): silinda zikitofautiana zaidi ya asilimia 10, au buji ikitoka na matone ya maji, fungua kichwa, kilaze juu ya kioo bapa uone kama kimepinda, weka gasketi mpya. Termostati irudi mahali pake. Kama fundi aliitupa, ailipe.