Timu ya kocha inafungwa msimu mzima, chuo bado kinamshikilia. Kwa nini?

Mkesha_Unguja
Asalaam aleikum. Sisi tunaofuata kikapu cha vyuo vya Marekani tunakesha hadi saa tisa usiku, Ramadhani tunaunganisha na daku. Wajuzi nifahamisheni. Louisville msimu wa 2022-23 walishinda mechi 4, wakafungwa 28. Kocha wao, Kenny Payne, akabakishwa. Chuo chenye jina lile kinangoja nini?

Wakili_wa_Benchi
Waaleikum salaam. Usianze na matokeo, anza na mkataba. Kocha wa ngazi ile ukimfukuza kabla ya muda, unamlipa fidia ya miaka iliyobaki. Piga hesabu ya mfano: dola milioni 3 kwa mwaka, miaka 5, misimu 2 imeshapita. Imebaki milioni 9. Mkataba ukidhamini asilimia 70, hiyo ni milioni 6.3 za kumlipa mtu akae kwake. Wasaidizi wake nao wana mikataba yao. Na huyo mpya, ukimtoa chuo kingine, mara nyingi naye ana fidia ya kukombolewa.

Halafu tazama tarehe. Mikataba mingi fidia hupungua siku maalumu, mara nyingi msimu ukishamalizika. Kocha anayetetewa Februari akaondoka Aprili, usishangae: chuo kilikuwa kinasubiri bei ishuke. Tafuta pia kifungu kinachomtaka aliyefukuzwa atafute kazi nyengine, maana mshahara mpya hukatwa kwenye deni la chuo.

Mfano kocha John Calipari: Machi 2024, timu yake ya chuo cha Kentucky ilitolewa na Oakland mechi ya kwanza tu ya mashindano ya taifa. Kumfukuza kungegharimu zaidi ya dola milioni 33. Akaambiwa anabaki. Wiki chache baadaye akahamia Arkansas mwenyewe, na mzigo ule ukawashuka.

Pemba_Pointi3
Pesa ni nusu ya jambo, nusu ya pili ni wachezaji. Tangu 2021 mchezaji anaweza kuhama bila kukaa nje msimu mzima. Kocha akiondoka, wachezaji wake wengi wanahama, na vijana waliokubali kujiunga nao wanarudi nyuma. Kocha mpya anaingia Aprili anakuta chumba kitupu, aanze kusaka wachezaji wakati wenzake wameshachagua. Na tangu Julai 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza, michezo yote pamoja. Mkurugenzi wa michezo anajiuliza: milioni 6 nimpe anayeondoka, au ninunulie wachezaji, senta na mlinzi wa kuongoza mpira?

Mkesha_Unguja
Nimefahamu ndugu zangu. Lakini subira hiyo imewahi kuzaa?

Wakili_wa_Benchi
Chuo cha Duke. Kocha Mike Krzyzewski alianza 1980: alishinda 17 akafungwa 13, kisha 10-17, kisha 11-17. Machi 1983 Virginia wakawapiga 109-66, wafadhili wakataka aondoke. Mkurugenzi Tom Butters akamwongezea mkataba Januari 1984. Ubingwa wa kwanza ukaja 1991, na akastaafu 2022 akiwa na mataji 5.

Pemba_Pointi3
Sheikh, usimpe matumaini bure. Payne alibakishwa, akamaliza 8-24, akafukuzwa Machi 2024. Patrick Ewing pale Georgetown alifungwa mechi zote 19 za ligi yao msimu wa 2021-22, akapewa mwaka mwengine, akaenda 7-25, kisha wakaachana. Tofauti ni ile timu uwanjani. Duke ya 1983 ilikuwa imejaa vijana wa mwaka wa kwanza, akina Johnny Dawkins na Mark Alarie, wanacheza dakika nyingi na bado wana miaka 3 chuoni.

Kwa hivyo mkiangalia, acheni ubao wa matokeo. Hesabuni mpira unaopotezwa kila mechi: ikiwa mwezi wa Januari ni mara 17 na mwezi wa Machi ni mara 12, kocha anafundisha. Tazameni mechi zinazofungwa kwa pointi 5 au chini, na nani yumo uwanjani dakika 4 za mwisho. Wakiwa wa mwaka wa mwisho watupu na mnafungwa kwa 20, mwaka wa nyongeza hauna atakayeutumia.