Kuchomwa damu yako mwenyewe kwenye kano: tiba au biashara?

Mleta mada
Wakuu, leo tubishane kwa hoja. Siku hizi mtu akiumia kano ya kisigino anashauriwa achomwe PRP. Anatolewa damu mkononi, inazungushwa kwenye mashine mpaka chembe nyekundu zituame, kisha ile sehemu ya manjano yenye chembe sahani (zile zinazogandisha damu) nyingi inavutwa na kuchomwa palipo na maumivu. Mantiki ipo: kano hupata damu kidogo, ndiyo maana huchelewa kupona, na chembe sahani huachia kemikali zinazoamsha ukarabati.

Tatizo ni majaribio. Uholanzi, 2010: wagonjwa 54 wenye kisigino sugu, wengine PRP, wengine maji ya chumvi, na wote wakapewa mazoezi. Baada ya wiki 24 makundi yote mawili yalikuwa na nafuu, kwa kiwango karibu kilekile. Uingereza, 2021: watu 240, kipimo cha alama 0 hadi 100. Baada ya miezi sita wa PRP walikuwa na 54.4, wa sindano ya uongo 53.4. Hata waliokatika kano kabisa (Uingereza, 2019, watu 230) hakukuwa na tofauti.

Kwangu mimi, kuiuza kama tiba ya uhakika ya kisigino ni kumla mgonjwa hela.

Babu Mbio
Mkuu, umechagua kisigino tu. Kano ya kiwiko je? Hao hao Waholanzi, 2010, wagonjwa 100: PRP iliishinda steroidi, ile sindano ya kutuliza uvimbe na maumivu, hata baada ya mwaka. Na Tiger Woods, yule bingwa wa gofu, mwenyewe alisema amechomwa. Yule ana hela ya kununua tiba yoyote.

Mleta mada
Iliishinda steroidi, sawa, ila steroidi yenyewe ndiyo mbovu. Australia, 2013, wagonjwa 165 wa kiwiko: mwaka mmoja baadaye waliochomwa steroidi walikuwa na hali mbaya kuliko waliochomwa maji ya chumvi. Ukimpita anayekimbia kinyumenyume, bado hatujajua mbio zako. Na Woods alifanyiwa upasuaji wa goti 2008; nani atajua kipi kilimponya?

Babu Mbio
Haya, na Marekani 2014? Watu 230 wa kiwiko, hapakuwa na steroidi. Wiki ya 24 waliofanikiwa kwa PRP ni asilimia 84, wenzao wasiopewa PRP 68.

Mleta mada
Hilo ndilo bora mlilonalo, nakupa. Ila wiki ya 12 tofauti ya maana haikuwepo, na waliohesabiwa wiki ya 24 ni 119 tu kati ya hao 230. Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, nao 2021 walikusanya tafiti 32 za kiwiko wakaona sindano hizi huenda hazina faida ya maana.

Kisigino Kizima
Samahani wakuu, mimi mkimbiaji. Hii si doping, yaani dawa haramu michezoni?

Fizio wa Mtaani
Hapana, ndugu. WADA, shirika la dunia la kupambana na doping, walikataza kuichoma kwenye msuli mwaka 2010, wakaondoa katazo 2011. Ila zile kemikali za chembe sahani zikitengwa na kuchomwa peke yake, hapo umekwisha.

Na ninyi mnaobishana mmesahau mazoezi. Simama kwenye ngazi kwa nusu ya mbele ya wayo. Panda kwa miguu yote miwili, shuka taratibu kwa mguu mbovu peke yake mpaka kisigino kipite chini ya ukingo. Mara 15, seti tatu goti limenyooka, tatu limekunjwa kidogo, asubuhi na jioni, wiki 12. Mazoezi haya ni ya daktari Alfredson wa Uswidi, tangu 1998, na ngazi haina bei. Inauma, ndiyo maana watu huacha mapema wakakimbilia sindano.

Babu Mbio
Sasa mtu amefanya hizo wiki 12 na bado anachechemea, mnamwambia nini? Damu ni yake, hela ni yake, na madhara ni madogo. Mwacheni ajaribu.

Mleta mada
Huyo ajaribu, sina ugomvi naye. Ninayemtaka ni daktari amwambie kabla ya kupokea hela: "kwenye kisigino, maji ya chumvi yalifanya kazi sawa na hii." Akiisikia na bado akanyoosha mkono atolewe damu, basi, mimi nanyamaza.

Kisigino Kizima
Fizio, hizo seti natakiwa kuendelea kukimbia au nipumzike kwanza?