Paramesiamu wangu hawamalizi wiki kwenye chupa, nakosea wapi?

Mwl_Kihonda

Habari zenu wakuu. Natafuta mtu aliyewahi kufuga wale viumbe wa maji ya bwawa wasioonekana kwa macho.

Nafundisha baiolojia sekondari, Morogoro. Hadubini ni moja, darasa lina wanafunzi zaidi ya 60, kwa hiyo kila mmoja anapata dakika moja tu ya kuchungulia na kipindi kimoja hakitoshi. Alhamisi iliyopita nilichota maji kwenye kidimbwi kando ya mashamba ya mpunga, pamoja na majani yaliyoozea chini. Tone la kwanza tu, paramesiamu wamejaa. Kuna binti tangu mwaka uanze hajanyoosha mkono hata mara moja. Alipoweka jicho kwenye lenzi akaanza kusimulia mwenyewe: "Mwalimu, amegonga uchafu. Karudi nyuma. Kageuka kidogo. Anajaribu upande mwingine." Nikawaahidi waliobaki kwamba wataona Jumatatu.

Nyumbani nilijaza chupa ya lita moja na nusu mpaka shingoni, nikafunga kizibo, nikaiweka dirishani ipate jua. Nikawatilia wali kama vijiko viwili wasife njaa. Maji yalivyopungua nikaongeza ya bomba. Jumatatu nafungua: harufu ya yai viza, utando mweupe juu, na kwenye lenzi hakuna kinachotembea isipokuwa vidoti vya bakteria vinavyotetemeka.

Hii ni mara ya tatu. Watoto kama 40 hawajaona kitu. Nisaidieni jamani.

Fundi_Akwaria

Pole mwalimu. Mimi nafuga samaki wa mapambo, na vifaranga wanaototolewa leo hawawezi kula chakula cha dukani, midomo ni midogo mno. Wanakula hao hao paramesiamu wako, kwa hiyo ndoo zangu hazikosi hao mwaka mzima.

Vijiko viwili vya wali ndivyo vilivyoua. Paramesiamu hali wali. Wali unaliwa na bakteria, na yeye anakula bakteria. Ukiweka wali mwingi bakteria wanafumuka kwa usiku mmoja, wanamaliza oksijeni yote, na hiyo harufu ya yai viza ndiyo dalili kwamba hewa imekwisha majini. Kizibo nacho kikazuia hewa mpya isiingie. Na chupa ukiijaza mpaka shingoni, sehemu ya maji inayogusana na hewa inabaki ndogo kama shilingi.

Tumia chombo chenye mdomo mpana, kijaze nusu au zaidi kidogo. Chakula: punje 2 mpaka 4 za ngano au mchele zilizochemshwa, kwa kila mililita 100 za maji. Punje nimesema, sijasema kijiko. Zikiyeyuka kabisa, ongeza mbili. Na utoe dirishani, jua la Morogoro likipiga kwenye chupa maji yanakuwa ya kuogea. Mimi naweka sakafuni kwenye kona ya kivuli, wanapenda nyuzi 20 mpaka 25 hivi.

Kijana_wa_Turiani

Mnajisumbua na vidimbwi vya nini? Weka majani makavu ya mpunga kwenye maji, siku ya nne wanajitokeza wenyewe. Sisi shuleni tulifanya hivyo.

Mzee wa Maabara

Kijana, mlichokiona kuna uwezekano mkubwa kilikuwa Kolpoda. Naye ana vinyweleo vya kuogelea, naye anazunguka mbio, ila ni mfupi na ana umbo la haragwe. Kolpoda maji yakikauka anajifungia ndani ya ganda gumu, anangoja kwenye majani makavu kwa miezi, ukimwagia maji anaamka. Paramesiamu hana ganda hilo. Akikauka amekufa. Kwa hiyo majani makavu ni chakula kizuri, lakini mbegu lazima itoke kwenye maji yaliyo hai.

Mwalimu, nimefanya kazi ya ufundi maabara miaka mingi, nakueleza nilivyokuwa nikifanya. Chukua majani makavu ya mpunga ambayo una hakika hayakupuliziwa dawa, kama gramu 10, yakatekate, chemsha kwenye lita moja ya maji kwa dakika 10. Chuja. Acha yapoe, kisha yaache yakae siku moja au mbili yamefunikwa kwa kitambaa. Yakianza kuwa na weupe kidogo, kama maji yaliyooshewa mchele mara ya mwisho, ujue bakteria wameingia na meza imeandaliwa. Hapo ndipo unatia maji ya kidimbwi, robo kikombe inatosha. Usitie mapema, watakuta hakuna chakula.

Kabla ya kutia, pitisha maji ya kidimbwi kwenye soksi ya nailoni. Humo ndani kuna saiklopsi, vile vidudu vyenye jicho moja vinavyorukaruka, unaviona hata kwa macho. Hao wanawala paramesiamu. Soksi inawakamata, paramesiamu wanapita.

La mwisho, usitegemee chupa moja. Anza na tatu. Kila baada ya wiki mbili au tatu hamisha kidogo kwenye maji mapya ya majani. Chupa moja ikiharibika, nyingine ipo.

Wala usishangae ukiona wenyeji wa chupa wanabadilika. Mrusi mmoja, Gause, mwaka 1934 alionyesha kwamba aina mbili za paramesiamu wakila bakteria walewale kwenye chombo kimoja, mmoja anabaki na mwingine anatoweka. Nilipoanza kazi nilidhani nimewaua mimi.

Mwl_Kihonda

Shikamoo mzee wangu. Nimeyaandika yote kwenye daftari. Fundi, asante sana, kumbe ni mimi niliyewanyima hewa huku nikidhani nawatunza. Maji ya bomba je, niyaache kabisa?

Fundi_Akwaria

Shida ya maji ya bomba ni dawa ya kuua vijidudu. Klorini ya kawaida ukiacha maji kwenye ndoo wazi siku moja au mbili inaondoka. Ila kuna sehemu wanatia dawa nyingine, kloramini, hiyo haiondoki kwa kukaa. Mimi natumia maji ya mvua.

Mzee wa Maabara

Marahaba mwalimu. Maji ya mvua yamepungukiwa na chumvichumvi, na yakipitia bati la zamani hujui yamebeba nini. Njia yangu: chota maji mengi ya kidimbwi kilekile, chuja, chemsha, yakipoa yamimine kutoka ndoo moja kwenda nyingine mara kadhaa, maana kuchemsha kunafukuza hewa. Hayo ndiyo maji waliyozaliwa nayo. Na chombo kisiwe kimeoshwa kwa sabuni. Suuza kwa maji moto tu.

Nesi_Kirumba

Samahani nachomekea kutoka Mwanza, sijui mambo ya paramesiamu ila nimeona "kidimbwi kando ya mashamba ya mpunga" nikashtuka. Mwalimu, tafadhali usiingie miguu mitupu wala usiwatume watoto kuchota. Kichocho kinakaa humo humo. Vimelea vinatoka kwa konokono vinaelea majini, vinapenya ngozi nzima, hata isiyo na kidonda, na mara nyingi mtu hasikii kitu. Funga kopo kwenye mti mrefu, vaa glavu za mpira na buti. Usichukue konokono hata mmoja. Vimelea hivyo bila mtu wa kuingia haviishi zaidi ya siku mbili hivi, kwa hiyo ndoo yako ikikaa siku mbili bila konokono, ndipo watoto waisogelee, na bado wanawe mikono.

Na vyombo vyote vifunike kwa kipande cha chandarua. Hewa inapita, mbu hatagi.

Mwl_Kihonda

Dada, Mungu akubariki. Niliingia na ndala, na wanafunzi wawili walinisindikiza. Kesho tunakwenda zahanati wote watatu.

Nesi_Kirumba

Nendeni kesho, waelezeni tarehe mliyoingia. Vipimo vikitoka safi sasa hivi msisahau kurudi, kwa sababu mayai huchukua wiki kadhaa kuonekana kwenye mkojo au choo.

Mwl_Kihonda

Wakuu, narudi na majibu baada ya siku 19. Zahanati tumepimwa, tumepewa tarehe ya kurudi, wazazi wa wale wawili nimewaeleza mwenyewe.

Chupa nne za majani ya mpunga ziko chini ya meza ya ofisi, zimefunikwa chandarua. Moja ilinuka siku ya tano, nikaimwaga. Tatu zipo. Ukiinua moja na kuweka kitambaa cheusi nyuma yake, karibu na uso wa maji unaona vumbi jeupe linalopanda na kushuka lenyewe. Ni wao. Wanaonekana bila hadubini!

Tatizo lililobaki ni mbio zao. Mtoto akiweka jicho, ameshapita.

Mzee wa Maabara

Chambua pamba, chukua nyuzi chache sana, zitandaze kwenye kioo kabla ya tone, kisha weka kioo cha kufunikia. Watanaswa katikati ya nyuzi kama ng'ombe zizini, hawafi. Weka ukuzaji wa jumla wa mara 100, tuliza mwanga. Waambie watafute viduara viwili, kimoja karibu na kila ncha ya mwili, vinavyojaa na kunywea. Hapo anatoa maji yanayomwingia.

Mwl_Kihonda

Imefanya kazi mzee. Leo wote wameona. Yule binti nimempa kazi ya kuhesabu hivyo viduara vinanywea mara ngapi kwa dakika, ameshajaza kurasa mbili. Sasa ananiuliza amiba, yule kiumbe mwingine wa seli moja, yuko wapi, mbona hamuoni.

Mzee wa Maabara

Hamuoni kwa sababu anatafuta juu. Achote tope laini na majani yaliyooza kutoka chini ya chupa, aweke kwenye sahani isiyo na kina, punje moja ya mchele, afunike, asiitikise. Baada ya wiki aangalie pembeni ya hiyo punje.