Avata za VRChat: kikomo kiwekwe kwenye nini hasa?

Mtoa mada:
Wakuu, tujadili hili bila kurushiana maneno. VRChat, ule ulimwengu wa mtandaoni ambamo kila mtu anavaa mwili wa kidijitali (avata), inaruhusu avata ya kompyuta ifike megabaiti 200 za kupakua. Ya Android, pamoja na miwani ya uhalisia pepe (VR) ya Quest, mwisho ni 10. Wapo wanaotaka ile 200 ishushwe, wapo wanaosema iachwe, kila mtu na mashine yake. Mimi naona tunabishania namba isiyo yenyewe. Kinachotuumiza ni ukubwa wa avata ikishafunguka.

Chukua teksicha moja, yaani picha inayofunika umbo la avata, ya pikseli 4096 kwa 4096. Hata ikibanwa kwa DXT5, mbano ambao kadi ya picha inausoma moja kwa moja, pamoja na nakala zake ndogondogo za kuonekana kwa mbali, inakalia takribani megabaiti 21 za kumbukumbu ya kadi hiyo. Sasa washa Crunch, ubanaji wa ziada wa faili: faili linanywea, unafurahi, unapakia. Lakini kadi haisomi Crunch. Inafunguliwa, inarudi kuwa DXT, na megabaiti 21 ziko palepale. Ni godoro lile la kufyonzwa hewa: dukani unalibeba kwapani, nyumbani linajaza chumba.

Teksicha saba za namna hiyo zinakaribia megabaiti 150. VRChat hupanga avata kwa madaraja ya uzito: ukivuka 150 unashushwa daraja la mwisho, la "mbovu sana", na basi. Kwenye kompyuta hakuna anayekuzuia kuingia. Juzi nilikuwa mahali penye watu kama 30. Kama kila mmoja alivaa avata yenye megabaiti 300 za teksicha, hizo ni gigabaiti 9, na kadi yangu ina 8. Picha zikaanza kukwamakwama, nikavua miwani kichwa kinagonga.

Hoja yangu: kumbukumbu ya teksicha ikomee 150, asiyefikisha masharti asipakie.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, mimi natengeneza avata za kuuza, kwa hiyo najua unanigusa wapi. Kwenye VR mtu anakusogelea hadi pua kwa pua. Mteja anataka aone mshono wa koti na mboni ya jicho, ndicho anacholipia. Halafu vitufe unavyo: unaweza kuficha avata za daraja la chini, unaweza kujiwekea kikomo chako cha kupakua. Vitumie. Kwa nini mwenye kadi kubwa anyimwe kwa sababu yako?

Mchangiaji wa pili:
Dada, uso hakuna anayekukatalia. Ila mimi hufungua avata za kununuliwa ili nizipunguze kwa ajili ya Quest, na ninayokuta humo ni vituko. Soli ya kiatu ina teksicha ya 4096! Nani anasogeza pua kwenye soli? Ishushe hadi 2048, ile 21 inakuwa 5 na ushee, kwa sababu ukinusu kila upande unabaki na robo. Maski za rangi ya kijivu nazo (picha za kuonyesha wapi png'ae au pafifie), kila moja na faili lake, wakati tatu au nne zinaenea kwenye chaneli za picha moja, yaani tabaka zake za nyekundu, kijani, bluu na uwazi.

Na kabati la nguo je? Mtu ana nguo sita ndani ya avata moja, anavaa moja, tano kazizima. Anadhani zimelala. Hazijalala, zote zimo kwenye kumbukumbu za watu wote waliomzunguka. Tenganisha ziwe avata mbili tatu, umemaliza nusu ya kazi kabla hujagusa Blender, programu ya kuchonga maumbo.

Mchangiaji wa tatu:
Ninyi mnaongelea kadi, mimi naongelea bando. Watu 30 kwa megabaiti 100 ni gigabaiti 3, sijasalimia mtu. Mtoa mada asitudanganye kwamba kupakua si tatizo.

Mtoa mada:
Hapo umenikamata, narudisha ile kauli. Kwa anayenunua bando, ile 200 ni mzigo hata kama kadi yake haihisi. Viwepo vikomo viwili basi.

Ila dada, hicho kitufe cha kuficha nimekitumia. Nilibaki nimezungukwa na avata mbadala. Rafiki yangu kavaa kazi yako aliyolipia, ananipungia mkono, mimi naona kitu kingine kabisa. Wewe umeuza sura, mimi sijaiona. Kwenye Quest avata za daraja la "mbovu sana" zinafichwa tangu mwanzo, ndiyo maana watengenezaji wa huko wanabana matumizi bila kuombwa. Kwenye kompyuta zinaonyeshwa tu, nani atahangaika?

Mchangiaji wa kwanza:
Soli nakubali, hiyo ni aibu yetu. Nguo sita hapana, wateja wanapenda kubadilisha papo hapo bila kutoka walipo. Kikomo cha teksicha ongeza kiwe 200 badala ya 150, na kiwahusu wanaopakia upya tu, za zamani ziachwe. Hapo naweza kukaa mezani.

Mchangiaji wa pili:
Za zamani ndizo mbaya kuliko zote.